Moto wenye duara chini yake

Nilipokabidhiwa ufunguo wa stoo ya duka la vifaa vya ujenzi huku Kunduchi, kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kupanga. Thina, tapentaini, dumu la petroli ya jenereta, mapipa ya klorini ya unga tunayowauzia wenye mabwawa ya kuogelea: vyote vilikuwa na ule mraba uliosimama kwenye ncha, kama uru ya karata, na ndani yake moto. Nikasema, moto na moto viende pamoja. Nikavirundika kona moja mbali na mlango, na bosi akanisifu.

Wiki chache baadaye lori likaleta klorini. Dereva alikuwa mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nishushe wapi?"

Nikamwonyesha kona yangu. Akakataa katakata.

"Huo moto umeuangalia, mwanangu? Chini yake pana nini?"

Nikachutama. Kwenye kopo la thina moto umekaa juu ya mstari. Kwenye pipa la klorini umekaa juu ya duara. Nilikuwa napita hapo kila siku na sikuwahi kuliona.

Alinieleza hapo hapo, mzigo ukiwa bado juu ya lori. Thina inawaka yenyewe, tena unaoanza kushika moto ni mvuke wake. Klorini ile ya unga haiwaki namna hiyo; inatoa oksijeni, na moto uliopo jirani unapata chakula cha kushiba. Mbaya zaidi, ikigusana na mafuta ya breki inaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Nami mafuta ya breki nilikuwa nimeyapanga rafu ya juu yake!

Jioni nilinunua daftari, nikaanza kunakili kila alama iliyomo stoo. Kilichonichanganya ni kwamba pipa moja linaweza kuwa na alama mbili za jambo lile lile. Yenye mpaka mwekundu na ndani nyeupe ni ya mtumiaji. Iliyojaa rangi ni ya usafirishaji, na hapo rangi yenyewe inasema: nyekundu ni vinavyowaka, njano yenye moto juu ya duara ni vinavyolisha moto, kijani yenye mtungi ni gesi isiyowaka.

Bluu ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa kwenye pipa la kabaidi, yale mawe ambayo mafundi wa kuchomelea huyatia maji wapate gesi. Bluu yenye moto maana yake kitu hicho kikilowa kinatoa gesi inayowaka. Na pipa lilikuwa chini ya bati linalovuja. Masika yalikuwa hayajaanza, ndiyo bahati yangu.

Jambo moja bado naliona ni upungufu: alama haikuonyeshi ukali. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa hungoja yapate joto la nyuzi 38 hivi. Lakini mchoro wa moto ni ule ule. Ndiyo maana barabarani natafuta namba ya mzigo iliyobandikwa kwenye lori: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1075 gesi ya kupikia. Mke wangu anasema nimekuwa kero kwenye foleni. Mimi nakumbuka lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, na watu zaidi ya 100 waliokufa.

Stoo niliipanga upya. Klorini ikapata chumba chake pakavu, juu ya mbao. Bosi alinung'unika kuhusu nafasi, kisha akazoea.

Yule mzee aliporudi alizunguka kimya, akashusha mapipa bila neno. Nikadhani nimefaulu. Akasimama mbele ya mtungi wa unga wa kuzimia moto, niliokuwa nimeutundika juu ya klorini kwa fahari.

"Huu peleka kwenye thina. Unga huu mwingi una amonia ndani, na amonia na klorini havipatani. Hapa weka maji, tena mengi."

Tulivuta mpira kutoka kwenye tangi siku hiyo hiyo.