Kizunguzungu cha binti yangu, tulivyokijua chanzo

Mtoto wa miaka 4 hawezi kukwambia ana kizunguzungu. Wangu alikuwa anaganda ghafla katikati ya mchezo, anang'ang'ania miguu yangu, uso umempauka, saa nyingine anatapika, alafu dakika chache baadae huyo anakimbia tena. Bibi yake akasema degedege, jirani akasema minyoo, mi nikawaza malaria maana huku kwetu kila kitu malaria. Dispensari wakapima, malaria hamna, damu inatosha, tukapewa dawa ya minyoo tukarudi na hali ikawa ile ile.

Kilichosaidia ni simu. Nilifanikiwa kumrekodi ikiwa imemkamata, nikasogeza kamera mpaka usoni, macho yanacheza yenyewe kwenda upande upande. Na nikawa naandika: saa ngapi, kala au hajala, kalala vizuri, alikuwa kakaa au ndo anainuka. Nikamuuliza unaona giza au nyumba inazunguka? Akazungusha kidole hewani.

Daktari wa watoto alivyoona ile video akanambia hicho kidole kina maana kubwa, kuona giza ukiinuka ghafla mara nyingi ni presha kushuka, maji kidogo mwilini au upungufu wa damu, ila kuzunguka inabidi uangalie sikio la ndani na ubongo. Akachungulia masikio, maana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanasumbua watoto wengi, akampima kusikia, akamtembeza kwenye mstari na kumsimamisha mguu mmoja. Akauliza anapoteza fahamu? Hapana, anakuwa analia ananiita mama, kwahiyo kifafa akakiweka pembeni. Mwisho akauliza nani kwenu ana kipanda uso (migraine, yale maumivu makali ya kichwa yanayojirudia). Mimi hapa, tangu sekondari!

Basi akasema ni kizunguzungu cha utotoni kinachojirudia, kina undugu na kipanda uso, wengi kinawaacha wakikua japo baadhi kipanda uso kinakuja baadae. Nikadai CT scan (nilishajiandaa na hela kabisa), akasema angeagiza hicho kipimo cha picha ya kichwa kama mtoto angekuwa anaamka asubuhi na maumivu ya kichwa anatapika, au anayumba hata siku ambazo yuko sawa, au sikio moja halisikii, au kaangukia kichwa.

Dawa ya kila siku hatumii. Analala mapema, hakai na njaa, maji anakunywa, kikija namlaza mpaka kipite, na siku hizi kinakuja kwa nadra. Gari ndo bado kasheshe, anatapika kila safari ndefu.