Parthena na Frank

Shangazi ndiye aliyetaka twende Deerfield. Nilikuwa nasoma Massachusetts, Marekani, naye alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Aliposikia kwamba kila Februari mji huo hukumbuka shambulio la mwaka 1704, akasema lazima aone wenzetu wanavyowakumbuka wafu wao.

Tuliwakuta wanaume wenye magobore na makoti mazito ya sufu wakieleza usiku ule wa Februari 29. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na Deerfield ilikuwa kijiji cha Waingereza mpakani. Wafaransa kutoka Kanada, wakiongozwa na Hertel de Rouville, walikuja pamoja na wapiganaji wa Abenaki, Mohawk na Wendat, makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika. Theluji ilikuwa imerundikana kwenye boma, wakaipanda na kurukia ndani kabla ya alfajiri, watu wamelala. Waliuawa karibu watu 50. Wengine 112 waliswagwa kwa miguu hadi Kanada, mwendo wa kilomita 480 hivi, katika baridi ile.

Kwenye makumbusho tuliuona mlango wa mbao uliotobolewa kwa mashoka. Shangazi aliutazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mzee aliyekuwa akituongoza.

"Baba, watu weusi hawakuwapo hapa?"

Nikatafsiri. Walikuwapo, akasema mzee: Parthena na Frank, watumwa wa mchungaji John Williams. Parthena aliuawa nyumbani kwa mchungaji pamoja na watoto wawili wadogo wa mchungaji huyo. Frank alitekwa, akauawa usiku wa kwanza wa safari.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma habari za Eunice, binti wa mchungaji, aliyetekwa akiwa na miaka 7, akaolewa na Mmohawk na kubaki huko hadi alipofariki mwaka 1785. Kisa chake kinastahili kusimuliwa. Lakini siku ile sikuweza kuwaza mwingine ila Parthena. Vita ilikuwa ya watawala wawili wa Ulaya, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtawala wake.

Makaburini Shangazi alinyanyua viganja.

"Hawakuwa Waislamu, Shangazi."

"Mungu ndiye anayewajua, mwanangu."

Akawaombea wote, hao wawili akiwataja kwa majina. Tulipomuaga mzee, alimshika mkono. "Watoto wa shule wakija, baba, waambie na habari za hawa."

Mzee akajibu kwamba huwaambia kila mara.