Kabla uongeze hosipawa kwa Subaru yako, rudisha kwanza zile zimepotea

Swali linalokuja kwa inbox yangu kuliko yote ni hili, bro niko na Impreza WRX ya turbo, iko stock, yaani vile ilitoka kiwandani, niweke nini ifike farasi 350? Na ukimuuliza plagi ulibadilisha lini, kimya. Oili unaweka gani, ile fundi aliweka. Sasa boss, hapo hatujafika kwa mambo ya 350.

Naandika kuhusu Subaru kwa sababu ndio naendesha, GDA manual, yaani Impreza WRX ya kizazi cha pili, yenye injini ya EJ205, na pia kwa sababu ukisimama pale Thika Road jioni moja utajua hii ni nchi ya nani. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza 1997, Richard Burns akarudia na Impreza 2000, na tangu hapo hii gari kwa Kenya si gari tu. Lakini mengi nitakayosema yanaingia pia kwa Mitsubishi Evo na turbo zingine za Japani, badilisha tu majina ya vitu.

Kitu ya kwanza watu hawafikirii ni kwamba gari yako haikutengenezewa hapa. Zile za soko la Japani zilipangiwa kompyuta kwa petroli ya huko, ile premium yao inauzwa ikiwa na oktani 98 mpaka 100, na hiyo ndio mhandisi wa Subaru alikuwa nayo kwa tangi akipanga taimingi, yaani ni wakati gani plagi ipige cheche. GDA ya manual ilitoka na farasi 250, STI, ile Impreza kali zaidi, ikaandikwa 280 kwa sababu makampuni ya Japani walikuwa na makubaliano yao ya kiungwana ya kutozidi 280 kutoka 1989 mpaka 2004, Forester XT ya SG5 ikatoka na 220. Hizo namba zote ni za petroli ya kule na hewa ya usawa wa bahari. Wewe umeshukisha gari Mombasa, ukaipandisha Nairobi, ukajaza super ya kawaida, halafu unasema gari yangu ni 280. Si 280 boss. Kompyuta ikisikia mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi uyafikie, yaani ile kunoki, inarudisha taimingi nyuma ili kuokoa injini, na taimingi ikirudi nyuma nguvu inaenda nayo. Kwa hivyo farasi wa kwanza wa kutafuta ni wale ulinunua na hujawahi kuwapata. Hao ni wa bei rahisi na hawaui injini.

Unajuaje wamepotea? Nunua kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, uingize RomRaider kwa laptop, ni programu ya bure, uchomeke pale chini ya usukani. Kuna vitu tatu vya kuangalia. Ya kwanza inaitwa IAM, hii ni kama imani ya kompyuta kwa mafuta yako, kwa ECU, ndio hiyo kompyuta, za kisasa kidogo inafaa ikae 1.0 na kwa zile za zamani inasoma 16. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, gari imekutana na noki mbaya na imeamua kujishikilia kila mahali. Ya pili ni feedback knock, hiyo ni ya papo hapo, inaonyesha digrii ngapi za taimingi zimerudishwa, ukiona -1.4 mara moja ukiachilia akseleta usianze kulia, lakini ikipiga -2.8 ama zaidi ukiwa umekanyaga na busti, ule msukumo wa hewa ya turbo, imejaa, na irudie pale pale kila mara, hiyo ni kweli. Ya tatu ni ile kompyuta inajifunza na kukumbuka, fine learning. Angalia hizo kabla hujanunua hata bolti. Nimeona gari ya jamaa mmoja, rangi ya bluu safi, rimu za dhahabu, kila kitu, IAM iko 0.5, na mwenyewe alikuwa ameshalipia turbo kubwa.

Na IAM ikiwa chini, dawa mara nyingi ni vitu vya aibu. Plagi zimekwisha, mdomo wake wa cheche umepanuka, koili moja imechoka, sensa ya hewa ile ya MAF imejaa vumbi la murram, hosi ya vakyumu imepasuka kwa kona ambayo haionekani, ama kibano cha hosi ya intakula kimelegea. Intakula, ile rejeta ya hewa ya juu ya injini, ina mpira unaounganisha na turbo, huo mpira ukizeeka hewa inavuja ukiwa kwa busti tu, ukiwa umesimama hakuna kitu utasikia. Hewa ilishahesabiwa na MAF, mafuta yakamwagwa ya hiyo hewa, lakini hewa yenyewe imetokea njiani. Mwambie fundi aweke moshi kwa mfumo, dakika chache utaona unatoka wapi. Petroli nayo chagua kituo kimoja chenye watu wengi na oktani ya juu ukae hapo, usiwe mtu wa kujaza popote taa imewakia, mimi kuna kituo kimoja nilijaza njia ya kwenda Nakuru na logi, ile rekodi ya namba za kompyuta, ikaharibika tangi nzima mpaka nikaimaliza.

Halafu pima injini yenyewe. Kompresheni silinda zote nne, na ukiweza ile ya kupima uvujaji kwa hewa. Mimi sijali sana namba ni ngapi, najali tofauti, moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi hakuna mazungumzo ya kuongeza nguvu, na kwa hizi injini za EJ macho yawe kwa silinda ya 4 kwa sababu ndio huwa inaumia kwanza. Taiming belti ya hizi injini inabadilishwa kwa kilomita 100,000, ikikatika valvu zinakutana na pistoni, sasa kama uliinunua kwa mtu na hana rekodi, badilisha, na pulley zake na pampu ya maji ukiwa humo.

Hapa sasa kwa oili nataka tukae kidogo, kwa sababu EJ nyingi hazikufa kwa nguvu, zimekufa kwa kiu. Injini imelala, silinda mbili kushoto mbili kulia, na oili yenyewe ni lita nne na kitu, ukikosa moja umekosa karibu robo, na ukiingia kona ndefu ile imebaki inakimbilia upande na pampu inavuta hewa. Beringi za conrod, zile fimbo za pistoni, hazitaki hewa hata sekunde. Kwa hivyo stiki ya oili itolewe kila ukijaza mafuta, si kila sevisi. Kile kibomba kinachonyonya oili chini kwa karteri, lile bakuli la oili, kinajulikana kupasuka pale kimechomelewa, kama karteri inashuka kwa sababu yoyote, weka kingine chenye nguvu zaidi. Na kuna ile bolti ya banjo inayopeleka oili kwa turbo, kwa miaka kadhaa Subaru waliweka ndani yake kichungi kidogo cha waya, kadogo hivi, ukikitoa kinakaa ukubwa wa ncha ya kidole. Kwa gari iliyokosa sevisi utakikuta kimeziba na oili nyeusi iliyokauka kama lami, huwezi ona mwanga ukikiinua kwa jua. Turbo imekuwa ikipewa matone. Hapo hata ukiiacha stock itakufa, sembuse ukiiongezea busti.

Sawa. Gari iko na afya, logi iko safi. Sasa tuongee kuongeza.

Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya hapa inasukuma kama bar 0.82, ya Mombasa ni bar 1 na kidogo. Chukua geji ya busti inasoma bar 1. Mombasa turbo imechukua hewa ya 1 ikaifanya 2, yaani mara mbili. Nairobi imechukua 0.82 ikaifanya 1.82, hiyo ni mara 2.2. Na ukitaka ile 2 kamili ya Mombasa, geji lazima isome karibu 1.2 na turbo inafanya kazi ya mara 2.4. Hewa ikibanwa zaidi inatoka moto zaidi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa moto ndio inaleta noki. Ndio maana kompyuta ya Subaru yenyewe inapima hewa ya nje na kupunguza busti ukiwa juu, si kwamba gari ni mgonjwa. Ndio maana pia ramani ya kompyuta uliyonunua mtandaoni kutoka kwa mtu wa Uingereza, hata kama gari ni sawa na yako mpaka rangi, si yako. Yeye anaishi karibu na bahari na mafuta yake ni mengine. Tyuna, yule anayepanga upya kompyuta ya gari, akikaa na gari yako hapa, na mafuta yako, ndio unalipia.

Mpangilio ambao naamini ni huu. Waidibendi kwanza, ile geji ya kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta, kwa sababu sensa ya kiwandani haikuambii ukweli ukikanyaga mpaka chini. Petroli inaungua sawasawa kwa hewa 14.7 kwa mafuta 1, lakini turbo ikiwa imejaa EJ inataka kama 11 hadi 11.5, mafuta ya ziada yanapoza. Halafu plagi za NGK hatua moja baridi zaidi, kwa NGK namba ikipanda ndio plagi baridi, na mdomo ubanwe kidogo. Halafu pampu ya mafuta, Walbro ya lita 255 kwa saa imekuwa jibu la watu miaka mingi, jihadhari tu na feki, ziko nyingi Kirinyaga Road na boksi lake ni safi kuliko la orijino. Halafu daunpaipu, ile paipu ya moshi inayotoka kwa turbo, na ekzosi iliyofunguka. Na siku ile daunpaipu inaingia ndio siku gari inaenda kwa tyuna, si baada ya mshahara ujao, kwa sababu ekzosi ikifunguka turbo inapumua rahisi, busti inapanda kupita ile kompyuta ilipanga, na wewe uko Southern Bypass unafurahia mgongo unabonyezwa kwa siti. Baadhi ya hizi EJ20 ziko na katalaizi ndogo hata kabla ya turbo, kwa ile paipu ya kupanda, ikivunjika vipande vinaingia moja kwa moja kwa feni ya turbo, hiyo itoe.

Umeona sijataja intake ya koni? Makusudi. Boksi la hewa la kiwandani linatosha kabisa kwa hizi nguvu tunaongea, na ukibadilisha bomba mahali MAF imekaa, kipenyo kikiwa kikubwa zaidi, MAF inaanza kudanganya, inasema hewa kidogo wakati ni nyingi, mchanganyiko unakosa mafuta, na pistoni za EJ zinapasuka pale kwa ringi. Unapata sauti nzuri na unapoteza injini. Blow-off, ile valvu ya kutapika hewa ya turbo nje, ni hivyo hivyo, ile pshhh, hewa ilishahesabiwa halafu umeimwaga, gari inajaa mafuta kila ukibadilisha gia. Haiongezi farasi hata mmoja.

Na tukiwa kwa sauti, kuna watu wa STI ya Japani wenye turbo ya twin-scroll, ile inayopokea moshi kwa njia mbili, wanatoa manifold yake, yale mabomba ya moshi ya kwenda kwa turbo, wanaweka zile zenye mabomba ya urefu usio sawa ndio wapate mngurumo wa Subaru. Unajua umeuza nini? Ile manifold ndio inafanya turbo iamke mapema. Umelipa pesa gari ikachelewa. Lakini mngurumo uko, sibishani, ni pesa yako.

Gia. Ile boksi ya gia tano ya WRX haipendi mtu wa kutupa klachi, gia ya tatu ndio hutoa meno kwanza, boksi ya gia sita ya STI ni mnyama mwingine. Klachi na breki ziendane na nguvu mpya, na umwambie mtu wa bima umebadilisha gari.

Kwa EJ205 yenye afya, na daunpaipu, pampu, plagi na remap, yaani kompyuta kupangwa upya, ya hapa hapa, mimi ningeridhika na pale karibu na 280 halafu niache. Kutoka hapo kwenda 350 ni turbo ingine, nozeli zingine, intakula ingine, na bado pistoni ni zile zile za kiwandani, hiyo si stock tena na bajeti yake si hii.

Ukienda daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, piga gari ikiwa stock kwanza, halafu baada, mashine ile ile. Na uulize kama namba imerekebishwa kwa ajili ya mwinuko. Zile hesabu zinaongeza asilimia kubwa kurudisha kile hewa nyembamba imenyang'anya, na kwa injini isiyo na turbo ni haki, lakini turbo ilishajirudishia sehemu yake yenyewe, sasa ukimwongezea tena juu unatoka na karatasi ya 340 kwa gari ya 290. Omba ile namba isiyoguswa. Tyuna akikasirika kwa hilo swali, chukua funguo zako.