Nimepita kwa Mwalimu na Mama, Tandahimba

Jamani siwezi kulala bila kuandika hili. Leo nimeenda kuwasalimia Mwalimu na mkewe, wale wazee walionisomesha mimi na wenzangu kibao pale kijijini. 2016 ada ilishafutwa mpaka fom foo, sawa, ila sare nani ananunua, madaftari je, na tranka na godoro la bweni, mamaangu peke yake asingeweza kabisa. Wao kila msimu wakishalipwa hela za korosho baada ya mnada, kabla hata ya kugusa bati la nyumba yao linalovuja, wanakaa mkekani na kaunta buku lao wanaandika nani hana viatu, nani anaingia fom wani Januari.

Nimelikuta lile daftari, jalada limeshikwa na selotepu, jina langu bado lipo na pembeni mwandiko wa Mama, "viatu namba 6". Nimelia mbele yao. Mama kanifuta na khanga yake akasema mjukuu wangu kaa kwanza ule. Ugali wa muhogo na kisamvu!

Mwaka huu wameshaandika watoto 11. Nimewaomba na mimi waniandike, safari hii upande wa wanaotoa.