Mnyororo kwenye njia ya kihamba sitauchangia

Kila Desemba inapokaribia, sisi wa Kibosho, Machame na Marangu kule Kilimanjaro tulioko ughaibuni huanza kupokea lalamiko lile lile: njia iliyopita katikati ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo yenye makazi, ambayo mwaka mzima hubeba bodaboda na pikapu ya ndizi, hugeuka uwanja wa mashindano mara tu wenye magari wanapopanda kutoka Dar es Salaam. Safari hii kaka yangu mkubwa, ambaye sehemu ya njia hiyo imekatwa kihambani kwake, anataka tuchange asimike nguzo za chuma na mnyororo, na ufunguo akae nao yeye. Namheshimu sana kaka, na hasira yake ni ya haki, lakini mnyororo sitauchangia.

Hapa Uingereza ninapoishi, nyumba zetu chache zinatumia njia inayopita katika shamba la mzee mmoja. Ardhi ni yake, sisi tuna haki ya kupita iliyoandikwa katika hati. Sheria ya hapa inamwachia afanye atakalo katika ardhi yake mradi asitukwamishe kupita kwa kiasi kikubwa, nasi inatutaka tupite kwa namna ya kawaida bila kumharibia wala kumsumbua. Anaweza kuweka kibao cha mwendo, ingawa kibao cha mwenye shamba hakina nguvu ya kibao cha serikali. Anaweza pia kuweka matuta, lakini shauri likifika mahakamani kitakachopimwa ni kama gari la kawaida linapita juu yake bila shida. Na tuta likijengwa ovyo hata mtu akaumia, mwenye ardhi anaweza kudaiwa fidia, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 inawalinda hata wapitao katika njia binafsi. Mzee wetu alituita kwanza, tukakubaliana mahali na gharama, ndipo akajenga matuta mapana ya kimo kifupi.

Nyumbani nako, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine. Ugumu ni kwamba njia nyingi za vihamba zilitolewa na babu zetu kwa mdomo, mipaka ikapandwa masale, na hakuna aliyeandika lolote. Hata hivyo, jirani aliyepita hapo tangu utoto wake hawezi kuamka siku moja akaambiwa aombe ufunguo. Mgonjwa akizidiwa usiku, nani atakwenda kumwamsha kaka? Na gari la msiba likifika na mwili, kama yalivyo mazoea yetu ya kuzika kihambani, litasubiri mnyororo ufunguliwe?

Mwendo wenyewe, hata hivyo, hauna utetezi. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unaeleza kwamba gari lenye mwendo wa kilomita 32 kwa saa huhitaji mita 12 hadi kusimama, na la kilomita 48 huhitaji mita 23, tena hizo ni hesabu za lami kavu. Kona zetu zilizozibwa na migomba mara nyingi hazikuonyeshi hata hizo mita 12, na udongo wetu ukilowa hauna huruma na breki.

Kwa hiyo mimi naunga mkono matuta, kwa masharti. Kwanza iulizwe kama njia hiyo imeshaingizwa katika orodha ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, maana ikiwa imo, hakuna mwenye kihamba anayeruhusiwa kuigusa bila idhini yao. Pili, na hili wajenzi wetu hulisahau kabisa, tuta liachiwe nafasi ya maji pembeni. Vinginevyo masika ijayo mafuriko yataingia kwenye kahawa ya jirani na tutakuwa tumenunua ugomvi wa pili. Tukishindwa kuelewana, yupo mwenyekiti wa kitongoji na lipo baraza la ardhi la kijiji. Hata baraza la kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, na anayetaka hukumu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako undugu hurudi umechanika.

Mchango wangu nitautuma nikishaona muhtasari wa kikao wenye saini za kaya zote, ikiwemo ya mama mjane wa mwisho wa njia, ambaye hana gari lakini wajukuu wake hupita pale kwa miguu kila siku.