Mkanda wa Tatu

Kabla ya mwaka 1998 nilikuwa nimepiga picha katika harusi kadhaa za majirani na ndugu, nikilipwa soda na sahani ya pilau. Harusi ya kwanza niliyopewa malipo ya awali, na jina langu likaandikwa katika daftari la kamati kama mpiga picha, ilifungwa Moshi mjini Jumamosi moja ya mwezi Septemba. Nilikwenda na Pentax K1000 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, flashi ya kuazima, betri za akiba na mikanda minne ya picha 36. Jumla ilikuwa picha 144 kwa shughuli nzima, na hesabu hiyo ilitembea kichwani mwangu kila nilipobonyeza.

Bibi harusi alikuwa na ombi moja tu: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kionekane nyuma yao. Mtu wa Moshi anajua kwamba mlima ule haukubali miadi. Asubuhi huwa wazi, mchana hujifunika mawingu, na jioni huamua wenyewe. Baada ya misa tuliwasimamisha maharusi Shanty Town kwa karibu saa nzima, wapiga matarumbeta wakinung'unika juu ya gari lao na wapambe wakilalamikia viatu, huku mimi nikiapa kwamba mawingu yangeachana. Saa kumi na moja na nusu yakaachana. Niliichomoa flashi, nikapandisha kasi ya shata, yaani kile kifuniko cha ndani kinachofunguka kupitisha mwanga, kutoka 60 hadi 125 (moja ya sitini ya sekunde hadi moja ya mia na ishirini na tano) kwa kuwa jua lilikuwa bado na nguvu, nikamaliza mkanda wa pili wote pale pale. Nilipanda gari la kwenda ukumbini nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa mji ule.

Ukumbini nilitia mkanda wa tatu, nikarudisha flashi juu ya kamera, na kuanza kazi. Shata la kamera ile ni mapazia mawili ya kitambaa yanayopita kwa upande. Kwenye 60, pazia la kwanza huwa limefunguka lote kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo flashi humulika picha nzima. Kwenye 125, pazia la pili huwa limekwisha kuziba karibu nusu. Mpiga picha mwenyewe haoni kitu, kwa sababu wakati huo kioo cha ndani kimenyanyuka na kumziba jicho. Hayo yote niliyajua. Nilichosahau ni kuitazama tu namba iliyokuwa juu ya kamera. Maharusi wakaingia, keki ikakatwa, wakalishana, wakawalisha wazazi, na mwisho bibi harusi akamlisha bibi yake mzaa mama, aliyeletwa kutoka Kibosho akiwa ameshikiliwa mikono miwili.

Niliiona namba ile nilipokuwa nikitia mkanda wa nne, wakati ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikikaribia kuingizwa. Jasho lilinitoka. Keki ilikuwa bado mezani, bibi bado ameketi kitini pake, na mshereheshaji alikuwa hatua tano kutoka niliposimama. Neno moja lingetosha kuwarudisha wote mbele ya kamera, na wageni wangecheka kidogo wakasahau. Sikulisema. Nilirudisha 60, nikapiga ndafu, zawadi na watu wakicheza hadi saa sita usiku, nikijifariji kwamba huenda niliigusa namba ile muda mfupi tu uliopita.

Jumatatu, mzee mwenye studio aliyenisafishia picha aliuweka mkanda wa tatu juu ya kioo chenye taa, akainama kwa muda mrefu.

“Kijana, huyu bwana harusi umempeleka wapi?”

Alikuwa ameketi upande ule ule usiku kucha, na upande ule wote ulikuwa giza. Picha iliyoniuma zaidi ni ya bibi: mkono wa mjukuu umeshika kipande cha keki na kukiingiza gizani, hakuna kinywa cha kukipokea.

Nilimpelekea mama wa bibi harusi picha zote, nzuri na mbovu. Aliutazama mlima kwanza, akatabasamu, kisha akazifikia za keki.

“Uliona lini kwamba umeharibu?”

“Usiku ule ule, mama.”

“Keki ikiwa bado mezani?”

“Ndiyo, mama.”

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniambia nirudi baada ya Jumapili mbili, watoto watakapokuja kutoka Arusha. Gauni lilikuwa la kukodi na limesharudishwa, kwa hiyo nililikodi tena kwa fedha zangu. Keki aliagiza yeye, ndogo, ya ngazi moja. Tulipanga meza sebuleni, tukafunga mapazia ili ionekane usiku, na bibi akaja na kitenge kile kile, akala keki kwa furaha kuliko mara ya kwanza, kisha akaomba kipande kingine. Ukitazama albamu ile kwa makini utaona kwamba bibi harusi ana mitindo miwili ya nywele katika usiku mmoja.

Nilipokwenda kuchukua malipo yaliyobaki, mama alikuwa amekwisha kukata bei ya keki, hadi shilingi ya mwisho.