Nilivyomtafutia baba yangu maana ya jina Walker

Swali lilitoka Ugweno, kwetu Upare, Tanzania, kwa simu, wiki tatu baada ya mwanangu kuzaliwa hapa Leeds, Uingereza. Baba alikuwa amekwishauliza uzito wa mtoto, kama ananyonya vizuri, kama baridi imepungua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa huyu mjukuu wangu ni wa ukoo gani?"

"Ni Walker, baba. Ndilo jina la ukoo la baba yake."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza ni watu gani."

Sisi ni Washana. Upare, mzee wa rika la baba akisikia Mshana anajua anazungumza na uzao wa wahunzi, watu wa chuma na majembe. Na mtoto hufuata ukoo wa baba yake, kwa hiyo mzee hakuwa anauliza kwa adabu tu. Nikamjibu haraka kwamba Walker ni mtembeaji. Akatulia, halafu akasema, "Mwanangu, kila mtu anatembea. Ukoo haupewi jina kwa jambo linalofanywa na kila mtu."

Alikuwa na haki, ila ilinichukua karibu mwaka mzima kumthibitishia.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa tangazo la duka la mtandaoni linalouza "nembo ya ukoo wa Walker" kwenye vikombe na fremu. Nilikaribia kununua moja nimpelekee baba. Bahati nzuri nilisoma kwanza: Uingereza nembo hupewa mtu mmoja na wazao wake halali, haipewi jina. Walker wako maelfu kwa maelfu, wa koo mbalimbali zisizohusiana, na wengi wao hawakuwahi kuwa na nembo yoyote. Anayekuuzia nembo ya jina lako anakuuzia picha.

Nikaanza basi na mama mkwe wangu, anayeishi Halifax, mji ulio karibu na Leeds. Alinitolea bati la biskuti lililojaa vyeti vya zamani. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza kazi hii ni huo: anza na wazee walio hai na karatasi zilizomo ndani ya nyumba. Cheti cha ndoa cha Uingereza kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, hivyo kila cheti kinakurudisha kizazi kimoja nyuma. (Mama walikuwa hawatajwi. Wameanza kuandikwa mwaka 2021 tu, na hilo liliniuma nilipoligundua.) Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Julai 1837. Sensa hufanyika kila miaka 10, na ile ya 1841 ndiyo ya kwanza kuorodhesha watu nchi nzima kwa majina. Ya 1931 iliteketea kwa moto, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo kuna pengo usilishangae.

Hapo kwenye sensa ya 1841 ndipo nilipopotea. Umri wa watu wazima ulishushwa hadi kwenye tano au kumi iliyo karibu, mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Nilikuwa na vijana wawili wenye jina moja, wote Walker, wote kutoka vijiji jirani. Nikamchagua mmoja na kufuata ukoo wake kwa miezi miwili. Nilikuwa nimeshachora mti mzima kwenye karatasi kubwa nilipofungua daftari la maziko la parokia na kukuta kijana wangu alizikwa kabla hajaoa. Nilikunja ile karatasi nikaanza upya. Tangu siku hiyo siunganishi mtoto na mzazi bila ushahidi wa namna mbili.

Madaftari ya parokia ndiyo hazina yenyewe. Yaliamriwa mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry VIII, na kuanzia 1813 daftari la ubatizo linaonyesha pia kazi ya baba. Humo nikawaona watu wa mume wangu mmoja baada ya mwingine: mfumaji, mfumaji, mchanaji wa sufu. Nilifika hadi miaka ya 1760.

Lakini jina lenyewe lina umri mkubwa kuliko hapo. Majina ya ukoo yalianza kurithiwa Uingereza kati ya karne ya 12 na ya 15, na huku Yorkshire, eneo la kaskazini lenye Leeds na Halifax, tumebahatika kuwa na orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1379. Kodi ya kichwa! Babu yangu aliijua vizuri ya kwake, ya Mwingereza. Kumbe Waingereza wenyewe walishatozwa na mfalme wao, kiwango cha chini peni 4. Na humo Walker wamo, wakati jina lilikuwa bado linanuka kazi yake.

Kazi hiyo ilikuwa kukanyaga nguo. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi huwa kimelegea na kina mafuta ya kondoo. Kilitiwa ndani ya birika la maji, mkojo uliochacha na aina ya udongo unaonyonya mafuta, kisha mtu akaingia humo miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi, mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito cha kuzuia upepo. Neno la Kiingereza cha kale lililozaa jina hilo, wealcan, lilikuwa na maana ya kubingirisha na kugeuzageuza. Maana ya kutembea ilikuja baadaye. Kazi hiyohiyo kusini na mashariki ilizaa jina Fuller, na kusini-magharibi, huko Devon, ikazaa Tucker. Kwa hiyo Walker, Fuller na Tucker ni fundi mmoja aliyeitwa kwa majina matatu kufuatana na eneo. Nilipolijua hili nilisimama jikoni nikamwita mume wangu kwa sauti. Amelibeba jina hilo maisha yake yote na hakuwahi kulisikia.

Baadaye maji yalichukua nafasi ya miguu. Mwaka 1185 watawa wapiganaji wa Templar waliorodhesha mali zao, na kati yake kulikuwa na kinu cha maji cha kupondea nguo pale Newsham, ambapo leo ni Temple Newsam, ndani ya Leeds hii hii. Ni moja ya vinu vya kwanza vya aina hiyo kutajwa Uingereza. Mashine ikaja, jina likabaki kwa watu.

Kati ya 1379 na 1760 siwezi kuunganisha mtu kwa mtu, na nilimwambia baba hivyo bila kuficha. Nilimpigia Jumapili jioni. Nikamweleza lile birika, miguu, udongo, nguo iliyoanikwa kwenye fremu ndefu mlimani huku imenyooshwa kwa misumari, na jinsi Halifax mwizi wa nguo hizo alivyoweza kukatwa kichwa kama alichoiba kilifika thamani ya peni 13 na nusu. Hapo baba aliguna kwa kuridhika. Watu wanaolinda kazi yao namna hiyo aliwaelewa.

"Kwa hiyo hao walikuwa wakifua nguo," akasema.

"Ndiyo, baba. Kwa miguu."

"Na sisi tulikuwa tukifua chuma." Nikamsikia akimgeukia mama na kumwambia, kwa Kipare, kwamba mtoto ametoka kwa wafuaji pande zote mbili.